Hyouka: Namna ya Kuchora Mtu Anayefikiri

Hadithi ya upelelezi isiyo na maiti, polisi wala mtuhumiwa anayekimbizwa huwapa taabu watu wa skrini: kazi yote inafanyika kichwani mwa mtu, na kamera haiingii humo. Taabu hiyo iliwakuta Kyoto Animation mwaka 2012 walipogeuza riwaya za Honobu Yonezawa kuwa anime ya Hyouka, sehemu 22 zilizoongozwa na Yasuhiro Takemoto. Kwa maoni yangu, hakuna anime ya upelelezi iliyoishinda taabu hiyo kwa ustadi zaidi.

Riwaya ya kwanza ilitoka 2001 katika safu ya riwaya nyepesi ya Kadokawa. Msimulizi ni Oreki, mwanafunzi wa sekondari asiyependa kujichosha kwa lolote. Mafumbo anayokutana nayo ni madogo: msichana aliyefungiwa chumbani bila kujua, kitabu cha maktaba kinachoazimwa na mtu tofauti kila Ijumaa na kurudishwa siku hiyohiyo. Anayemsukuma ayafumbue ni Chitanda, mwenzake katika Chama cha Fasihi ya Kale, ambaye udadisi ukimpanda hapoi mpaka apate jibu.

Katika kitabu, Oreki anatusimulia tu kwamba kumkatalia kumemshinda. Kwenye anime, Chitanda anasogea mpaka uso wake unajaza skrini, macho yanawaka, nywele zinarefuka, zinatambaa, zinachanua maua na kumzonga Oreki palepale alipo. Picha hiyo imebeba kiini cha hadithi nzima. Oreki hatafuti sifa wala haki. Yupo mtu mmoja ambaye hawezi kumwambia hapana.

Ustadi wenyewe hasa uko katika sehemu ya 19. Msingi wake ni hadithi fupi ya Yonezawa inayofuata nyayo za Mmarekani Harry Kemelman, ambaye mwaka 1947 alionyesha jinsi sentensi moja iliyosikika inavyoweza kuzaa mlolongo mzima wa hoja. Kipaza sauti cha shule kinatangaza kwamba aliyenunua kitu Oktoba 31 katika duka fulani karibu na stesheni afike upesi kwa mwalimu. Basi. Oreki na Chitanda, waliokuwa wakibishana, wanabaki chumbani wakilichambua tangazo hilo: mbona haraka, mbona siku imetajwa, mbona mwanafunzi hakutajwa jina? Hatua kwa hatua wanafika kwenye noti bandia.

Mwendo wa sehemu hiyo umetolewa kwenye miili. Oreki anachezea nywele za paji la uso anapowaza. Chitanda anainama mbele hoja inapopata nguvu, na nafasi kati yao inapungua. Mtu aliyepotewa na mantiki bado anaiona hoja ikisonga, na papo hapo anaona jambo la pili ambalo wenyewe hawalisemi. Mwishoni wamesahau hata ubishi uliowaanzisha.

Kisha sehemu ya 22. Chitanda amemweleza Oreki kwamba atarudi kuutumikia mji wao, lakini upande wa biashara ameukatia tamaa. Oreki anajitolea kumsaidia. Tunamsikia akitamka, tunamwona msichana akiona haya, maua ya mcheri yakipukutika. Halafu tunatambua kuwa hakutamka neno. Sehemu zilizotangulia zilituzoesha kuona mawazo ya Oreki yakichorwa, na hapa mazoea hayo yanageuzwa mtego. Katika kitabu moyo wake unajulikana kwa maneno; anime imetufanya tupoteze pamoja naye kitu tulichodhani tumekipata.

Filamu ya waigizaji ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mari Asato, ilishika kitabu cha kwanza pekee, chenye fumbo la mjomba wa Chitanda na vuguvugu la wanafunzi wa miaka ya 1960. Panapoigizwa hayo ya zamani, filamu ina uhai. Panapobaki watu wanaofikiri tu, inapwaya.

Takemoto, pamoja na Futoshi Nishiya aliyebuni sura za wahusika, walikuwa miongoni mwa watu 36 waliouawa studio yao ilipochomwa moto jijini Kyoto, Julai 2019. Kazi yao imebaki: anayejifunza kuchora katuni au kuandika miswada ya filamu aitazame sehemu ya 19 mara mbili, na mara ya pili azime sauti.