Refa Naye Yumo Uwanjani

Aprili 2019, kampuni ya CCP ya Aisilandi ilitangaza hadharani kwamba imemfungia maisha mchezaji mmoja wa gemu yake, EVE Online. Huyu hakuwa mchezaji hivi hivi tu. Brisc Rubal, kama anavyojulikana humo ndani, alikuwa mjumbe wa Council of Stellar Management, baraza ambalo wachezaji hulipigia kura liwasemee mbele ya kampuni. Wajumbe huonyeshwa mipango ya gemu kabla wengine hawajaijua, na yeye alidaiwa kuvujisha siri hizo kwa watu wa muungano wake. Wachezaji wengine wawili walifungiwa mwaka mmoja. Alikana. Kabla mwezi haujaisha, CCP ikarudi kusema haikupata ushahidi kwamba alikosea, ikaomba msamaha, ikamrudisha.

Ni rahisi kuisoma hii kama hadithi tamu ya kampuni iliyokubali makosa. Mimi kila nikiisoma nakwama palepale: jamaa huyu, nje ya gemu, ni wakili. Alikuwa na kiti barazani na waandishi wa habari za gemu walimjua. Akipiga kelele, inasikika. Sasa toa hivyo vyote umwache mchezaji wa kawaida na akaunti yake. Je, kosa lile lingegunduliwa?

Niseme mapema kwamba sijawahi kumiliki hata meli moja ya EVE. Laptop yangu ingeungua. Naifuata gemu hii vile wengine hufuata siasa za Marekani, kwa sababu ya kesi zake. Tangu 2003 maelfu ya watu wanaishi ndani ya anga moja, na meli yako ikilipuliwa haifufuki. Utapeli, ujasusi, usaliti, vyote ruksa. Mwaka wa 2005 kundi moja la mamluki, Guiding Hand Social Club, lilijipenyeza katika kampuni ya wapinzani ndani ya gemu, likakaa humo miezi mingi likijenga uaminifu, kisha siku moja likamuua kiongozi wake na kukomba maghala. Mali ile ilikadiriwa kuwa na thamani ya maelfu ya dola halisi. Watu walilia. Wasimamizi hawakurudisha kitu.

Hapo nilikuwa nawaunga mkono na bado nawaunga. Kutoingilia ni uamuzi pia, na ule ulikuwa wa haki kwa sababu sheria ilijulikana kabla ya wizi. Aliyeibiwa aliingia akijua wezi wamo. Refa anayebadilisha sheria kwa kuwa mtu analia vizuri, huyo si refa.

Shida ni pale refa anapokuwa na timu. Mwaka wa 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa CCP, aliyekuwa akicheza katika muungano wa Band of Brothers, alikuwa amejipatia ramani adimu za kutengenezea bidhaa bila kuzitolea jasho. Na Band of Brothers wakati huo ndio walikuwa wababe wa anga lile, kila mtu aliwaogopa. Mchezaji aliyefichua mambo akafungiwa. Mfanyakazi hakufutwa kazi. CCP ilianzisha kitengo cha kuwachunguza watu wake yenyewe, na mwaka uliofuata, 2008, likachaguliwa lile baraza nililolitaja. Yaani baraza lililomponza Brisc Rubal lilizaliwa na kashfa ya msimamizi aliyecheza upande mmoja.

Miaka miwili baada ya kashfa, Februari 2009, kiongozi mmoja wa Band of Brothers aliasi, akabonyeza kitufe, na muungano mzima ukavunjwa. CCP haikuurudisha. Ningetamani kujua maamuzi kama haya yalivyojadiliwa ndani ya ofisi, ila kwa nje yalisomeka vizuri: sheria ilikuwa inaruhusu, basi.

Kuna pia kesi ya 2012, ambayo kwangu ni ngumu zaidi. Kwenye mkutano wa CCP jijini Reykjavik, mwenyekiti wa baraza, The Mittani, akiwa amelewa, alimdhihaki mchezaji aliyewahi kuzungumzia kutaka kujiua, kisha akawachochea watu wamwandame. Hili halikuhusu meli. Alifungiwa siku 30 na akapoteza uenyekiti. Kuingilia hapo kulikuwa sahihi kabisa, maana aliyelengwa alikuwa mtu mwenyewe, siyo mhusika wake wa angani. Lakini jukwaa lilikuwa la CCP, na maikrofoni pia. Mwenye ukumbi akawa hakimu wa kilichotokea ukumbini mwake, na sehemu yake mwenyewe katika aibu ile hakuna wa kuihukumu.

Nafikiria vile vibanda vya PS vya mtaani kwetu. Stima ikipotea dakika ya 80 na unaongoza mbili kwa moja, mwenye kibanda ndiye anaamua kama mtarudia mechi na nani analipa. Anaweza kumpendelea binamu yake, na mara nyingine hufanya hivyo. Lakini anatoa hukumu mkiangaliana uso kwa uso, mbele ya watu kumi waliokuwa wakingoja zamu, na akizidisha, kesho mtahamia kibanda cha pili. Sheria zake ni mbovu, ila unajua nani amekuhukumu na kwa nini.

Beste yangu mmoja wa Umoja hakupata hata hiyo. Gemu ya simu, akaunti aliyoijenga miaka miwili, mashindano madogo madogo yaliyokuwa yakimlipia bando na wakati mwingine chakula. Walikosana na mchezaji mwingine, timu ya yule ikamripoti kwa pamoja, akaamka amefungiwa. Ujumbe ulisema amekiuka kanuni. Kanuni gani? Aliuliza, akajibiwa kwa sekunde chache kwamba uamuzi ni wa mwisho. Binadamu hasomi haraka hivyo.

Wasimamizi hujitetea kwamba wakitoa ushahidi wanawafundisha wadanganyifu mbinu za kukwepa. Kwa programu za wizi, zile za kuona adui kupitia ukuta, nakubali. Kwa ugomvi wa watu wawili, hapana. Maneno niliyoandika nayajua tayari. Kunionyesha ni lipi lililonifungia hakumfundishi mtu yeyote wizi.

Na hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ina mianya yake, mkataba ukiwa mmoja wao, na zile kanuni ndefu tunazokubali bila kusoma ni mkataba. Lakini inagusa hata kampuni za nje zinazotumia data za watu walio Kenya. Nilimtumia beste yangu kifungu hicho. Alikisoma chote, akaniuliza barua kama hiyo inaandikiwa nani, maana kwenye ule ujumbe hakukuwa na jina la mtu.