Nusu Wapewe, Nusu Wasipewe: Kuisoma Arrowsmith Ukiwa Ulyankulu

Arrowsmith ya Sinclair Lewis ilitoka 1925, mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Pulitzer, na Lewis akaikataa. Ni riwaya ndefu kuhusu daktari kijana wa Kimarekani asiyejua atulie wapi. Mimi huirudia kwa ajili ya kisiwa tu. Ukiamua kuruka karamu za New York, sikulaumu.

Kisiwa ni cha kubuni, kinaitwa St. Hubert, koloni la Waingereza huko Karibi. Tauni imeingia. Martin Arrowsmith anafika na chupa za faji, yaani virusi visivyoshambulia mwili wa binadamu bali huingia ndani ya bakteria, huzaliana humo, kisha huwapasua. Hilo halikuwa la kubuni. Félix d'Herelle alilitangaza Paris mwaka 1917, na ndani ya riwaya yenyewe ndiye anayemwahi Martin kuchapisha. Upande wa sayansi Lewis alisaidiwa na Paul de Kruif, mtaalamu wa bakteria, na inaonekana: maabara za humu zina harufu ya maabara.

Gottlieb, mwalimu wa Martin, anataka jambo moja: nusu ya watu wapewe faji, nusu wasipewe, ili ijulikane kwa hakika kama dawa inafanya kazi. Wakubwa wa kisiwa wanakuja juu. Sondelius, rafiki yake, anakataa kudungwa mpaka watu wote wapewe, na anakufa. Kisha Leora, mke wa Martin, anakufa kwa tauni hiyohiyo. Martin anavunjika, anamgawia faji kila anayeomba, na takwimu zinaharibika. Nyumbani wanampokea kama shujaa, naye moyoni anajua hajathibitisha kitu.

Imeandikwa vizuri, inauma. Ila hebu angalia nani anaruhusiwa kuumia. Mvutano wote uko ndani ya kifua cha Martin; watu wa St. Swithin, parokia iliyogawanywa, karibu hawana kauli. Yupo daktari Mweusi wa kisiwani, Oliver Marchand, msomi wa Howard, ambaye Martin anashangaa kukuta anajua mambo. Nilitamani riwaya ihamie kwake. Haikuhamia.

Nasema hivi kwa sababu ya mahali ninaposomea. Ulyankulu, kugawanywa na kuorodheshwa si fumbo la kitabuni. Makazi haya yalianzishwa 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, na barabara zikapewa namba. Kwaya maarufu ya hapa inaitwa kwa namba yake, Barabara ya 13. Waliopewa uraia walianza kupata vyeti 2014. Na zamani zaidi, mkoloni alihamisha watu wa magharibi hii ya Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi ya malale, kwa jina la afya. Mtu wa hapa ukimwambia "nusu wapewe, nusu wasipewe", swali lake la kwanza halitahusu sayansi. Atakuuliza: orodha kaandika nani?

Wala Lewis hakuhitaji kubuni kisiwa. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch alikuwa Ssese, Ziwa Victoria, akiwadunga wagonjwa wa malale atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, baadhi walipofuka.

Hata hivyo siungi mkono wanaomwona Gottlieb kama katili tu. Kutolinganisha nako kuna maiti zake. Miaka ya 1920 na 1930 faji ziliuzwa na kutumika ovyo, matokeo hayakueleweka, na antibayotiki zilipokuja nchi nyingi zikaziacha, isipokuwa sehemu kama Georgia. Sasa antibayotiki zenyewe zinachoka. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Huku kwetu amoksilini bado watu wananunua vidonge vichache vichache, kadiri ya hela iliyopo mfukoni.

Weka kando yake The Perfect Predator (2019), cha Steffanie Strathdee na mumewe Tom Patterson. Patterson aliugua Misri mwishoni mwa 2015, bakteria wakagoma kufa kwa dawa yoyote. Mkewe, mtaalamu wa epidemiolojia San Diego, akaandikia wanasayansi. Faji zikatafutwa, nyingine kwenye maji taka. Kibali cha dharura kikatoka, na 2016 mzee akapona. Kitabu cha mapenzi, kweli kabisa. Hakuna aliyegawanywa humo, lakini foleni nayo ilikuwa ya mtu mmoja. Lewis anauliza kama ni halali kumnyima mtu dawa ili tujue. Hawa, bila kukusudia, wanauliza kama ni halali aokoke yule ambaye mkewe anajua pa kuandika. Haki yao niiseme: mwaka 2018 Strathdee alishiriki kuanzisha kituo cha tiba hiyo hukohuko San Diego.

Shida ni kwamba faji huchagua. Ile inayoua bakteria wa mgonjwa mmoja yaweza isimguse wa jirani yake, hivyo lazima uwe na maabara ya kuwalinganisha. Maabara iko mbali. Faji zenyewe, kwa kuwa huishi pale bakteria walipo, ziko kwenye mitaro yetu. Riwaya ninayoingoja ingeanzia hapo: mgeni kainama, anachota maji machafu kwa chupa, na mwenye nyumba katoka nje kumuuliza anayapeleka wapi.