Kiwanja cha Ukumbusho cha Ujiji: Historia ya Nani?

Jina la mahali si jambo dogo katika elimu ya siasa. Jina hufundisha kila siku, hata pale ambapo hapana mwalimu. Kwa hiyo kada anayefika Ujiji hana budi kujiuliza: kiwanja cha ukumbusho ambacho watu wamezoea kukiita kwa jina la Livingstone kinawafundisha wananchi historia ya nani?

Maandishi ya ukumbusho huo yanaeleza kwamba hapo, chini ya mwembe, Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe umetajwa, watu hawakutajwa. Hapa ndipo lilipo kosa. Stanley hakufika peke yake. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo, kwa njia ya misafara iliyokuwapo kabla yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, wa kwanza kumlaki alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao ndio walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika mwaka 1874.

Wapo watakaosema kwamba Livingstone aliupinga utumwa. Ni kweli, wala hatuna haja ya kuificha kweli hiyo. Lakini Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na wale waliovushwa ziwa wakiwa wamefungwa hawamo katika jina hilo. Mpinzani wa utumwa amekumbukwa. Watumwa wenyewe wamesahauliwa.

Wengine watashauri tufute jina, tuweke la kiongozi fulani, kazi iishe. Huko ni kukimbia kazi. Mwaka 1916 Waingereza waliing'oa sanamu ya Wissmann mjini Dar es Salaam, na mwaka 1927 wakasimamisha pale ile ya Askari. Sanamu ilibadilika, utawala wa kigeni ulibaki. Vivyo hivyo, jina jipya juu ya historia ileile ya mkubwa mmoja halimkomboi mtu kifikra.

Wajibu wetu ni kuwakutanisha wazee wa Ujiji na vijana wa shule, tuulize na tuandike: njia ilipita wapi, nani alibeba, nani aliuzwa, nani alikataa. Majibu yawekwe pale kiwanjani kwa Kiswahili. Wananchi wakishajiona wamo katika historia hiyo, watakuwa na haki na uwezo wa kukipa kiwanja chao jina.