Tulisherehekea Shimo, Tukalisahau Ua

Katika uhakiki tunafundishwa kuanza na matini. Matini yangu ni mparachichi ambao haupo. Niliupanda mwenyewe siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kwenye kipande cha ardhi kilicho juu kidogo ya barabara iendayo Grande Barrière, hapa Gisenyi. Nilichana kiriba, nikauteremsha mche shimoni, nikaushindilia kwa udongo mweusi wa volkano, nikapigwa picha. Miaka miwili baadaye nilipita hapo nikienda kumpokea binamu yangu aliyekuwa akivuka kutoka Goma. Nilikuta kijiti cha kuegemezea mche na kipande cha kiriba. Katika miaka hiyo miwili barabara ile niliitumia karibu kila wiki, na sikuwahi kugeuza shingo.

Kwa hiyo uhakiki huu unaanza na kosa langu. Lakini nadhani kosa hilo lina utanzu wake. Tuitazame sherehe ya kupanda miti kama tunavyotazama tamthilia. Fani yake inavutia: majembe, nyimbo, watu wa rika zote wakiinama pamoja. Maudhui yake ni mema. Tatizo liko kwenye msuko. Kilele huja katika onyesho la kwanza, mche unapoingia shimoni, kisha pazia linashuka. Mti, ambao ndio mhusika mkuu, haupewi onyesho la pili. Katika mikutano ya baada ya kazi niliyohudhuria, idadi iliyosomwa ilikuwa ya miche iliyopandwa. Iliyobaki hai haikuwa na siku ya kusomwa.

Lugha yetu ingeweza kutuonya. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Najua kupanda huko ni kukwea, lakini neno ni lile lile sikioni, nami naliazima: kupanda ni asubuhi moja, ngoma inaanza siku ya pili. Badala ya kusikiliza onyo hilo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeazima majira ya wengine. Insha yangu ya mwaka wa kwanza ilijaa maua ya "majira ya kuchipua". Majira hayo hayajawahi kufika Rubavu. Sisi tuna umuhindo, mvua zinazoanza Septemba. Tuna urugaryi, kiangazi kifupi. Tuna itumba, mvua za Machi hadi Mei. Tuna impeshyi, kiangazi kirefu. Na ni wakati wa kiangazi umuko huwaka maua mekundu kwenye matawi yasiyo na majani. Katika masimulizi ya kale ya Rwanda, Ryangombe alipojeruhiwa na nyati, umuko ndio uliompokea. Basi hatukukosa mti wenye ua la kuheshimiwa. Tulikosa kuutazama.

Wenzetu wa Uingereza walipoteza zaidi ya nusu ya bustani zao za miti ya matunda tangu mwanzo wa karne ya 20. Siku hizi shirika la National Trust huwaalika watu kila mwaka kutazama miti inapochanua, na hupanda mingine mijini. Tarehe yao haitufai, ila msuko wao unatufaa. Anayekuja kutazama ua huona pia kijiti kilichovunjika, wadudu kwenye jani, mbuzi aliyekata kamba. Sherehe ya ua humrudisha mtu kwenye mti.

Ua la parachichi lina sababu nyingine ya kutukusanya. Ni dogo, la kijani-njano, na wengi hulipita bila kuliona. Mti mmoja mkubwa huweza kutoa maua laki kadhaa, na hata moja katika mia haliwi tunda. Kila ua hufunguka mara mbili kwa siku mbili: kwanza likiwa la kike, kisha likiwa la kiume, likitoa chavua. Hass huwa wa kike asubuhi, na wa kiume alasiri ya siku ya pili. Fuerte huenda kinyume chake: wa kike alasiri, wa kiume asubuhi inayofuata. Ndiyo maana aina hizi mbili zikikaa karibu, na nyuki wakiwapo, huzaa vizuri zaidi. Mparachichi unamhitaji jirani. Na nyuki wa Goma haonyeshi kibali mpakani.

Nasikia pingamizi: mwenye njaa halishwi maua. Nalikubali, tena kwa uchungu. Mparachichi wa nyanya yangu, uliolisha nyumba nzima, ulikatwa ili vijengwe vyumba viwili vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayonisomesha. Mkaratusi huuzwa nguzo baada ya miaka michache. Mparachichi uliobebeshwa huhitaji mitatu au minne kabla ya kuzaa, na uliotoka kwenye kokwa huchelewa zaidi. Lakini hesabu hiyo hiyo inanipa hoja. Mti unaochukua miaka minne ukifa bila kuonwa, maskini ndiye aliyepoteza miaka minne. Tena usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika hapa Rubavu, na zaidi ya watu 130 wakafa magharibi na kaskazini mwa nchi, tulikumbushwa kwamba mlima hushikwa na mizizi hai. Miche ya kwenye ripoti haishiki udongo.

Pendekezo langu kwa wenzangu ni dogo. Tuiongezee tamthilia onyesho la pili: umuganda mmoja kila mwaka, parachichi zinapochanua, uwe wa kurudi. Kila mtu asimame kwenye mche wake, na mkutanoni isomwe idadi ya iliyo hai. Atakayekuta kijiti kitupu, kama mimi, aseme hivyo mbele ya majirani, apewe mche mwingine.

Nyuma ya vyumba vile viwili nyanya amenibakizia hatua nne za ardhi. Nimenunua mche wa Hass uliobebeshwa. Kabla ya kuchimba shimo, nilibisha hodi kwa jirani kumuuliza mparachichi wake ni wa aina gani. Alicheka, akasema hajawahi kulitazama ua lake. Tumekubaliana tutalitazama pamoja.