Chimbuko la Nadharia ya Ubandikaji Majina katika Taaluma ya Uhalifu: Tannenbaum kabla ya Becker

Ni kawaida kuanza historia ya nadharia ya ubandikaji majina na Howard Becker, aliyechapisha Outsiders mwaka 1963. Mwanzo huo umechelewa kwa miaka 25. Katika Crime and the Community (1938), Frank Tannenbaum alikwishaeleza kiini cha nadharia hii: mtoto anayekamatwa, kutajwa na kutengwa hujifunza kujiona kwa macho ya wanaomtaja, na hatimaye huwa kile alichoitwa.

Tannenbaum mwenyewe aliwahi kuwa mfungwa. Mwaka 1914 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja jijini New York kwa kuwaongoza watu wasio na ajira kuingia kanisani kutafuta hifadhi. Hata hivyo, uzito wa hoja yake unatokana zaidi na mifano aliyoichagua. Anawataja wavulana wanaovunja madirisha, kupanda juu ya mapaa na kuiba bidhaa mikokotenini. Kwao huo ni mchezo. Kwa majirani ni uovu. Mgogoro unapokua, lawama huhama kutoka kwenye tendo na kumwangukia mtendaji, hata mtoto mwenyewe akahesabiwa kuwa mbaya. (Methali isemayo “mchovya asali hachovyi mara moja” hufanya uhamisho huohuo.)

Mwaka 1951 Edwin Lemert aliipanga hoja hii kwa kutenganisha ukiukaji wa awali, wenye sababu nyingi, na ukiukaji wa pili, unaotokana na namna jamii inavyomjibu mkiukaji. Utenganisho huo unakiri kwamba jina halielezi tendo la kwanza.

Becker aliligeuza swali: ni nani hutunga kanuni, na kwa masilahi ya nani? Uchambuzi wake wa sheria ya Marekani ya mwaka 1937 kuhusu bangi unalijibu kwa ustadi. Lakini mvuta bangi hana mwenye mkokoteni anayemlalamikia. Kwa kuegemea mfano huo, pamoja na ule wa wanamuziki wa dansi, Becker aliifanya nadharia ionekane imara kuliko ilivyo. Dai lake kwamba ukiukaji si sifa ya tendo lenyewe hukubalika kwa urahisi pale ambapo hakuna aliyeibiwa. Tannenbaum alianza palipo pagumu zaidi. Ushauri wake kwamba uovu usikuzwe kwa kutangazwa haumpi mwenye mkokoteni fidia yoyote, na hilo ni pengo. Ila pengo hilo linaonekana kwa sababu mtu huyo yumo kitabuni.