Jarida Linalolisha Mwongozo

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya mtunzi kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, umeachwa wazi ili yeyote ausome, aurekebishe na kuugawa kwa masharti ya leseni yake. Uhuru huo haumfai sana mtu asiyejua programu inavyotumika, na ndiyo maana kando ya msimbo ipo kazi nyingine isiyotajwa mara nyingi: uandishi wa nyaraka, yaani miongozo, maelezo ya amri na mafunzo ya hatua kwa hatua. Miongoni mwa njia zilizobuniwa ili kazi hiyo ipate riziki, mojawapo inastahili sifa kwa kuwa ni ufundi mkongwe uliopewa jukumu jipya, nao ni ufundi wa kuchapisha jarida.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini mwongozo mzuri haujiuzi. Msomaji huufungua akiwa amekwama, huufunga mara tu anapokwamuka, na kadiri ulivyoandikwa vizuri ndivyo anavyousahau upesi. Kurasa za mwongozo za mfumo endeshi wa Linux, zinazoeleza jinsi programu zinavyozungumza na kiini cha mfumo huo, zilitunzwa na Michael Kerrisk kuanzia mwaka 2004 kwa miaka mingi. Mrithi wake, Alejandro Colomar, alitangaza mwaka 2024 kwamba anaisimamisha kazi hiyo kwa kukosa mfadhili, na ndipo kampuni kadhaa zilipojitokeza kuchangia. Kurasa hizo husomwa popote Linux inapotumika, hata hivyo uhai wake ulikuwa umening'inia kwenye muda wa ziada wa mtu mmoja.

Thamani ya kazi yenyewe huonekana katika mambo madogo. Programu iitwayo rsync hunakili mafaili kutoka mahali pamoja hadi pengine, na katika amri zake alama moja ya mkwaju hubadili kila kitu: jina la folda likifuatwa na mkwaju, rsync hunakili vilivyomo ndani ya folda, mkwaju ukiachwa, hunakili folda yenyewe pamoja na vilivyomo. Ikiwa mtumiaji ameongeza chaguo la kufuta kila kisichokuwapo upande wa chanzo, naye alikusudia kuiweka folda yake kando ya folda nyingine katika diski ya akiba, mkwaju uliowekwa kwa mazoea utazifuta zile nyingine zote. Msimbo unalijua jambo hilo tangu siku ulipoandikwa, ila mwenye diski hulijua pale tu mtu mwingine anapoketi, akaijaribu amri kwa namna zote mbili, akaandika sentensi mbili zisizo na utata. Ni sentensi mbili hizo zinazohitaji mlipaji.

Uhusiano kati ya uchapaji na programu si wa jana. Watafiti wa maabara ya Bell Labs nchini Marekani, walipotaka mashine mpya ya kuendeleza mfumo endeshi wa Unix, waliipata kwa kuahidi kutengeneza chombo cha kuandaa maandishi, na mwaka 1971 wapiga chapa wa idara ya hataza ya maabara hiyo wakawa miongoni mwa watumiaji wake wa kwanza. Kwa maneno mengine, haja ya kupanga maandishi ndiyo iliyolilipia deni la mfumo. Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971, na ndani yake, chini ya maelezo ya amri, kuna sehemu iliyotengwa kwa kasoro, ambapo mtunzi hukiri waziwazi ni wapi programu yake inakosea. Ukurasa unaomtaka fundi aandike kasoro zake kwa mkono wake mwenyewe humsukuma azirekebishe, kwa kuwa mara nyingi kuondoa aibu ni rahisi kuliko kuieleza.

Baadaye Free Software Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, iliuza miongozo ya programu za GNU, mradi wake wa programu huria, ikiwa vitabu vilivyochapwa, huku matini ileile ikiruhusiwa kunakiliwa bila malipo. Kilichouzwa kilikuwa karatasi, wino, jalada na kazi ya kufikisha mzigo kwa mnunuzi, na maarifa yakabaki mali ya wote.

Jarida liliupeleka mpango huo mbali zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2013 waandishi wanne waliokuwa wametoka katika jarida la Linux Format huko Uingereza waliitisha mchango wa umma kupitia intaneti, jambo ambalo Mwafrika Mashariki angeliita harambee bila kusita, wakiomba pauni 90,000 ili waanzishe jarida lao, Linux Voice. Mchango ulivuka lengo, na jarida likaanza kutoka mwaka 2014 likiwa na ahadi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba nusu ya faida ingerudishwa kwa jamii ya programu huria. Ya pili, kwamba kila makala ingeachiliwa ndani ya miezi tisa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuinakili, kuibadili na hata kuiuza, mradi amtaje mtunzi na aitoe kazi yake mpya kwa masharti yaleyale. Mnunuzi, kwa hiyo, hakulipia haki ya kumzuia jirani asisome. Alilipia kusoma mapema, na fedha yake ikawa mbegu ya maandishi ambayo jirani angeyapata bure kabla mwaka haujaisha.

Fedha, hata hivyo, ni nusu tu ya sifa za ufundi huu. Mwongozo wa programu huria hauna siku ya kukamilika, na kazi isiyo na siku huahirishwa hadi ikasahaulika. Jarida lina siku ya kwenda mtamboni, na siku hiyo haimsubiri mtu. Mwongozo hauna mwisho wa kurasa, hivyo hurundikana. Jarida lina kurasa zilizohesabika, na mhariri analazimika kuuliza ni aya ipi inayobeba mzigo na ipi inayopanda bure. Juu ya hayo, kosa la kwenye skrini hufutwa kimyakimya, ilhali kosa lililochapwa hukaa rafuni na jina la mwandishi wake, na woga wa aibu hiyo humfanya aijaribu amri mara ya pili kabla ya kuiachia. Hivyo jarida huipa kazi ya nyaraka nidhamu ambayo wema wa kujitolea peke yake huipata kwa shida.

Kwamba karatasi inaweza kuuzwa hata pale ambapo maneno yake ni bure, lilithibitishwa na The MagPi, jarida la kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, lililoanzishwa na wapenzi wa kujitolea mwaka 2012 na kuchukuliwa na Raspberry Pi Foundation mwaka 2015. Matoleo yake yalipatikana bure kwenye intaneti, na bado watu waliyanunua madukani. Mwishoni mwa mwaka huohuo, toleo la 40 lilibandikwa jaladani kompyuta nzima, Raspberry Pi Zero, ambayo bei yake ilikuwa dola 5.

Linux Voice halikudumu: mwaka 2016 liliunganishwa na Linux Magazine. Jarida la kawaida likifa, haki za makala zake hufungiwa kabatini pamoja na hesabu zake, lakini yaliyoachiliwa kwa leseni huria hayafungiki. Wasomaji wa Kiswahili wanaujua uzito wa ruhusa ya namna hiyo, kwa sababu ndiyo iliyouwezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuitoa OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisini, kwa Kiswahili mwaka 2004, bila kungoja mwenye mali aone kama soko lao linamlipa. Mfasiri atakayetaka kuieleza mikwaju ya rsync kwa mwanafunzi wa Kigoma au Lamu atahitaji muda, istilahi na mhariri mkali, na vyote hivyo vina gharama. Ruhusa ya kuanza imekwisha kulipiwa na watu walionunua jarida.