Statini na maumivu ya misuli: SAMSON ingemwambia nini mchimbaji wa Nyarugusu?

Statini hushusha lehemu, ile tunayozoea kuiita kolestro, na hukinga mshtuko wa moyo na kiharusi. Ila wengi huziacha wakisema misuli inauma. Kosa ni la dawa kweli?

Jaribio la SAMSON la London, lililochapishwa 2020, lilipima hilo kwa njia nzuri. Watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa chupa 12 za mwezi mmoja mmoja: nne za statini, nne za vidonge bandia, nne tupu. Kila siku walijipa alama za usumbufu, 0 hadi 100. Miezi mitupu wastani ulikuwa 8, vidonge bandia 15.4, statini 16.3. Yaani asilimia 90 ya usumbufu wa statini ulijitokeza hata kwa kidonge bandia. Nusu yao baadaye walirudi kwenye dawa.

Wapo waliosoma hapo wakasema, "Kumbe ni mawazo tu." Hapana jamani. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila chanzo ndicho kilichokosewa.

Upungufu wangu na SAMSON uko kwingine: ilihesabu dalili, haikupima nguvu za misuli. Sasa mchukue mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, anayeshinda duarani na nyundo, kisha anapandisha viroba vya mawe. Huyu misuli inamuuma hata bila kidonge. Ukimpima kreatini kinasi, kimeng'enya kinachovuja misuli ikiumia, kinaweza kuwa juu kwa sababu ya kazi tu. Daktari asipouliza kazi yake, statini itabeba lawama na moyo utabaki bila kinga.

Kinyume chake pia ni hatari. Cerivastatin iliondolewa sokoni 2001 baada ya watu kufa kwa misuli kuvunjika na figo kushindwa. Simvastatin nayo haitakiwi kumezwa pamoja na clarithromycin wala ritonavir. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi na miguu ikaisha nguvu, usisingizie zamu ya jana. Wahi hospitali.

Kwa maumivu ya kawaida, tuige SAMSON: mgonjwa alinganishwe na yeye mwenyewe. Kwa usimamizi wa daktari, aache dawa kwa muda, aanze tena, huku akiandika maumivu ya kila siku pamoja na siku alizoshuka duarani. Bila hiyo safu ya pili, huku kwetu daftari hilo litadanganya.